Sauti yangu ya kilio mu album ya mujukuu yangu, na namna yaya Mwadi alijikuta kati ya marehemu

Wakuu, salamu. Batata, bamama, na nyinyi bijana benye munasomaka hapa bila kuandika kitu, nabasalimia bote.

Mi niko mwanamuke muzee, niko mu Kolwezi. Masomo yangu iliishia ku primaire, kwa hiyo mukikuta makosa ya kuandika muyaruke tu, sawa mutu anaruka kidimbwi.

Ile nitasema hapa ni kweli tupu. Sitaongeza chumvi. Hata bila chumvi inanichanganya kichwa mpaka leo.

Kwanza niseme ile siku kulikuwa nani, juu mi siwezi kuanza habari bila batu.

Ilikuwa siku ya Mungu, kisha misa, ku parcelle, ni kusema kiwanja na nyumba, ya mutoto yangu Jeannine.

Kulikuwa mi.

Kulikuwa Jeannine mwenyewe, anapakua sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Kulikuwa Naomie, mutoto ya Jeannine. Ni yeye njo mwenye album.

Kulikuwa Mama Cécile, mujane ya mudogo yetu Banza. Banza alikuwa mutoto ya mwisho ya mama yetu, alikufa mwaka yenye ilipita.

Kulikuwa Tata Mutombo, jirani, baba yake alitoka Kasai kuja kutumika mu mine. Yeye mwenyewe alitumika na bwana yangu marehemu Kazadi, na mudomo yake haijuake kupumuzika.

Na kulikuwa yaya yangu Mwadi. Mama mumoja, tata mumoja. Yeye njo mukubwa, mi namufuata. Anaishi Musonoi. Alikuja na moto, ile pikipiki ya kulipia, kitambaa ya kijani ku kichwa, tukamupatia kiti ya mikono, ile nzuri.

Ile jina Mwadi, muishike. Mi peke yangu njo nabakia mwenye kumuita vile. Batoto bote na bajukuu banamuita Kambo wa Musonoi; kambo ni mama ao tata ya muzazi yako. Kwetu mutoto hatajaki jina ya mukubwa. Ukitaja, unapigwa mudomo na mwiko. Tulilelewa vile, tukabalea vile.

Sasa album.

Naomie alisoma Lubumbashi. Alirudi na ordinateur, ile kompyuta, na bitu binene bya kuvaa ku masikio, akaanza kuzunguka mu parcelle anakamata sauti na telefone. Mwiko inagonga sufuria ya bukari, ile ugali yetu, anakamata. Mvua ku mabati, anakamata. Camion, lori ya madini, inarudi nyuma na ile kelele yake ya pii, pii, pii, anakimbia barabarani kuikamata, mama yake anapiga makelele atakanyagwa.

Nilimuuliza: "Mutoto, ile ni kazi gani?"

Akasema: "Kambo, natengeneza muziki."

"Gitare iko wapi?"

"Haiko na gitare."

"Basi ngoma?"

"Mwiko ya mama njo ngoma."

Akaona sijaelewa, akanieleza tena. Akasema: "Kambo, ni sawa kazi ya Kambo Kazadi. Yeye alikuwa anatwaa kipande kidogo ya jiwe mu mine, anapeleka laboratoire. Mi natwaa kipande kidogo ya sauti. Echantillon."

Ile nilielewa kidogo. Bwana yangu alibeba echantillon miaka mingi, Kisenge ku manganèse, nyuma yake hapa Kolwezi. Nikamuambia Naomie: "Lakini kila kifuko ya Kazadi ilikuwa na kakaratasi ya kusema jiwe ilitoka wapi. Yako kakaratasi iko wapi?"

Akacheka. Nami nikacheka. Habari ikaishia pale, na sikujua ya kama pale njo ilikuwa inaanza.

Tunarudi ku ile siku ya Mungu.

Courant ya umeme ilikuwa, Mungu asifiwe. Naomie akaweka bafle, ile sanduku ya kutoa sauti, juu ya kiti, akasimama mbele yetu sawa mutu wa kusoma somo ku kanisa. Akasema album inaitwa Vumbi ya Kwetu, iko ku internet tangu juzi, lakini anataka sisi tuisikie pamoja.

Wimbo ya kwanza ikaanza. Pii, pii, pii.

Tata Mutombo akageuka kuangalia barabara. Akaona hakuna kitu. Akasema: "Yaani mutoto alienda mpaka Lubumbashi, akasoma, akarudi, akatuletea camion yenye inarudi nyuma?"

Jeannine akamuambia: "Tata, sikia kwanza."

"Nasikia. Natafuta tu fashi ya kukimbilia."

Lakini wakuu, nyuma ya muda kidogo ile pii pii ikachanganyika na mwiko, mwiko ikachanganyika na batu ba chorale banavuta pumuzi mbele ya kuimba. Pumuzi tu, kuimba hakuna. Nikaona muguu ya Tata Mutombo inapiga chini. Yangu pia. Sikuituma.

Mi sijui kama ni muzuri. Muniambie nyinyi. Ni sawa mutu amekupikia chakula ya bitu yote yenye ulikuwa unatupa, na unakula, na unaomba tena.

Wimbo ingine, ingine, ingine.

Halafu nikasikia mutu analia.

Nikajiuliza, huyu mama anayelia vile ni nani, juu analia vizuri. Ni Cécile njo alinishika mukono. Akasema pole pole: "Ni wewe."

Hapa nisimame kidogo, juu batu ba fashi zingine habajui desturi yetu.

Kwetu mutu akikufa, mwanamuke mumoja wa jamaa anasimama pa mulango na anaita majina. Anaita benye balitangulia, kwa mustari, kuanzia wa zamani kabisa, ili bakuje kumupokea mwenye anafika. Unavuta jina murefu, halafu unanyamaza. Ile kunyamaza njo fashi ya marehemu. Hakuna mutu anaitikia pale. Halafu unaita mwenye anafuata.

Mama yetu njo alifanya ile kazi. Nyuma yake ni mi, juu majina inabakia mu kichwa yangu. Bitu bingine binatoka, majina inabakia.

Ku kilio ya Banza niliita bote. Naomie alikuwa na telefone yake, kilio ilipoisha akaniomba ruhusa, nikamupatia. Nilizani anataka kukumbuka Banza.

Basi pale ku bafle, sauti yangu inaita. Kyunguuu. Kunyamaza. Numbiii. Kunyamaza. Na chini yake mwiko inapiga pole pole, mvua inanyesha ku mabati. Mama Cécile anapanguza macho. Hata Tata Mutombo alifunga mudomo, na ile ni ajabu yake peke yake.

Nikasikia sauti yangu inaita: "Mwadiii."

Kunyamaza.

Halafu tena: "Mwadiii."

Kunyamaza.

Wakuu, nilichanganyikiwa. Ilikuwa sauti yangu, pumuzi yangu, machozi yangu. Na mi sikusema ile kitu. Nilijiangalia mudomo sawa mutu anaweza kuangalia mudomo yake mwenyewe. Nikajiuliza kama niliisema na nikasahau. Lakini mi sisahau majina!

Yaya Mwadi aliweka sahani chini. Alikuwa hajakula nyama, aliiacha kwa mwisho sawa anafanyaka tangu utoto.

Akauliza: "Cécile, ulisikia?"

Cécile akaangalia chini.

"Mutombo, ulisikia?"

Tata Mutombo akasema: "Mama, mi nasikia camion tu."

Ilikuwa uongo wa kumusaidia, lakini haikumusaidia. Yaya akasimama. Akafunga kitambaa yake vizuri. Akaniangalia mi, hakuwa na kasirani, na njo iliniogopesha. Akasema: "Basi. Umeniita. Na mara mbili."

Akatoka. Jeannine akamufuata mpaka barabarani, akarudi peke yake.

Naomie alikuwa amezima bafle. Akaniuliza: "Kambo, nimefanya nini?"

"Umemutia Mwadi mu mustari."

"Mwadi ni nani?"

Tuliangaliana, bakubwa bote. Huyu mutoto iko na zaidi ya miaka makumi mbili. Alikula ku nyumba ya yaya, alilala ku kitanda yake, alisukwa nywele naye.

Jeannine njo alimuambia: "Ni Kambo wa Musonoi."

Mutoto akakaa chini, mu vumbi, na nguo yake ya misa.

Kisha njo tulielewa. Ku mwisho wa kilio, nilipomaliza majina ya marehemu, yaya alikuwa analia mpaka anaishiwa pumuzi. Nikageuka, nikamuambia na ile sauti ya kilio yenye ilikuwa bado mu koo: "Mwadi, Mwadi, nyamaza." Naomie mu telefone yake akasikia jina moja mara mbili, zuri, ndefu. Akazani ni marehemu mwenye tulimupenda zaidi. Akakata "nyamaza", akachukua jina, akaliweka kati ya Mama na Banza.

Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kwa heshima. Mi njo pale naanza kupotea: nimukasirikie kwa nini? Juu hakujua jina yenye tulimukataza kujua?

Siku zenye zilifuata zilikuwa mbaya.

Mama Béa, jirani ya yaya ku Musonoi, akanipigia telefone. "Mama, yaya yako amenipatia sufuria zake zote. Nizikamate ao nizikatae?"

Nikasema: "Kamata, lakini usipikie ndani."

Siku ingine: "Mama, anagawa bipande bya nguo. Bile nzuri bya sikukuu. Na dawa ya tension, ile ya damu kupanda, ameiweka mu dirisha, hameze. Anasema mwenye ameitwa haifai kuchelewesha benye banamungojea."

Wakuu, yaya yangu iko na tension ya kupanda sawa maziwa ku moto. Bila dawa, ile maneno ya kuitwa ingekuwa kweli mbele ya mwezi kuisha. Na sauti yenye ilimuita ni yangu. Mulielewa hapa? Ningesimama pa mulango yake kumulilia, na ningekuwa nimeshamulilia.

Nilimupigia telefone. Inalia, inalia, hakamate. Mama Béa akanieleza: "Anakaa karibu nayo, anaiangalia. Anasema marehemu haitikiake."

Naomie akatosha wimbo, akaiondoa ku internet. Akalia, akatosha. Halafu akaniambia batu bameshaikamata, iko mu telefone ya batu mu inchi zingine, na mwanamuke mumoja wa mbali amemuandikia ya kama anasikia ile majina kila asubui na analia.

Nikauliza: "Anamujua Banza?"

"Hapana, Kambo."

"Anajua Kiswahili?"

"Hapana."

"Basi analia nini?"

Mutoto akasema hajui. Mi pia sijui. Kama kuko mwenye anajua, aandike chini pale.

Tukaenda Musonoi, mi na Naomie, moto mbili, vumbi mpaka mu meno. Ilikuwa saa ya mchana, jua kali.

Mulango ya yaya ilikuwa wazi nusu. Yeye iko ndani, juu ya kiti, mugongo kwetu. Nyumba tupu, fashi ya sufuria inaonekana ku ukuta, duara nyeusi nyeusi.

Naomie akapiga magoti pa mulango. "Kambo, nisamehe." Hakuna jibu. "Kambo, nimeshaitosha." Hakuna jibu. Yaya hakugeuka hata shingo.

Sikujua tena nifanye nini. Sikuwa na akili ingine. Nikasema: "Yaya, nitaita bote sasa hivi, mustari yote, na utasikia ya kama wewe haumo. Nitaruka kutoka Mama mpaka Banza, na hakutakuwa mutu kati."

Nikasimama pa mulango. Nikaita.

Kyunguuu. Nikanyamaza.

Numbiii. Nikanyamaza.

Sasa fikiria batu ba Musonoi. Mchana, mwanamuke muzee anasimama pa mulango analia majina. Mama Béa akatoka mbio, kitambaa ku kiuno, analia tayari. Nyuma yake mama mwingine na kiti ku kichwa, juu ku kilio biti habitoshake. Batata bawili bakasimama, kofia ku mukono. Nikabaona lakini sikuweza kusimamisha, mustari haikatiwake katikati.

Nikaita Ilunga, tata yetu. Nikafika ku batu ba jamaa yetu benye baliishi Kisenge.

Ngoyyy, nikaita. Ni shangazi yetu. Nikanyamaza.

Monga, nikaita. Ni mudogo ya tata yetu.

Na kutoka ndani ya nyumba, mu ile kunyamaza ya marehemu: "Hapana!"

Nikashituka.

"Hapana! Monga alitangulia!"

Nikasema: "Yaya, Ngoy njo alitangulia."

"Ngoy gani? Ngoy alikuja ku kilio ya Monga! Alipika! Mi nilikuwa naye, tunachuja kinywaji ya munkoyo!"

"Ile ilikuwa kilio ya muke ya Monga, haikuwa ya Monga!"

"Wewe ulikuwa unanyonya bado!"

"Nilikuwa na matiti yangu mwenyewe!"

Mama Béa, machozi ku mashavu, akauliza: "Jamani, nani amekufa?"

Yaya akatokea pa mulango na kidole juu: "Monga!"

"Lini?"

"Zamani! Kaa pale, unyamaze!"

Batata bale bawili bakavaa kofia. Mama wa kiti akaketi ku kiti yake kuangalia.

Yaya alikuwa anasimama pale mu jua, na mi nikaona uso yake imepungua. Akashika mulango. Na nikaona anakumbuka ya kama yeye ni marehemu. Mukono ikateremuka. Akataka kurudi ndani.

Naomie alikuwa bado ku magoti. Akasema, na sauti ya kawaida, sauti ya kuomba maji: "Kambo Mwadi."

Mama Béa akaweka mukono ku mudomo. Mutoto kutaja jina ya mukubwa, mbele ya batu, mbele yake mwenyewe! Hata mi mukono yangu ilitafuta mwiko.

Naomie akarudilia: "Kambo Mwadi?"

Yaya akageuka. Akamuangalia.

Halafu akasema, kali kabisa: "Niko! Unataka nini?"

Nikaanguka ku kiti ya yule mama. Sijui alisimama saa gani.

Naomie hakuwa na kitu ya kutaka, masikini. Akasema: "Nilitaka tu kujua kama uko."

"Nani alikupatia ruhusa ya kutaja jina yangu?"

"Hakuna, Kambo."

Yaya akasema: "Taja tena."

"Kambo Mwadi."

"Niko."

Akaenda ku dirisha, akatwaa dawa, akaimeza na maji ya Mama Béa, akamuangalia Mama Béa juu ya kikombe na akasema: "Na sufuria zangu zote zirudi."

Kumbe Mama Béa alikuwa ameshapikia ndani. Ile maneno ilikawia kuisha, siiandike hapa.

Tulipotaka kurudi, Naomie akatosha telefone, na ile siku akauliza kwanza: "Kambo Mwadi, naweza?"

Yaya akasema: "Kamata. Lakini useme Monga alitangulia." Tukarudilia yote mbele ya telefone, na ugomvi ikawaka upya.

Sasa wimbo imerudi ku internet. Majina inaenda, mvua, mwiko. Unafika ku Monga, unasikia "Hapana!" na ugomvi yetu yote, mpaka matiti, nilikataa lakini alibakisha. Ku mwisho unasikia sauti yangu inaita Mwadi. Na pale kwenye kulikuwa kunyamaza, sauti ya muzee mukali: "Niko! Unataka nini?"

Bijana hapa Kolwezi banaisema mu barabara. Unaita mutu, anakujibu "Niko! Unataka nini?" Tata Mutombo nikimubishia hodi ananijibu vile, halafu anaongeza pii, pii, pii. Ku harusi moja balipiga ule wimbo na batu balicheza. Balicheza kilio ya Banza. Mama Cécile alikuwa pale. Nilimuangalia kujua kama nikasirike. Alikuwa anacheza.

Basi mi sijui. Nimefikiri mpaka kichwa inauma, sijui kama ni baraka ao ni zambi, ao ni bitu bibili pamoja.

Somo yenye nilipata ni moja tu. Sisi bakubwa tulificha majina yetu kwa heshima, na ku kilio tunaita marehemu kwa sauti ya juu. Basi batoto banakomea wapi? Banajua majina ya benye balikwenda, na habajui ya benye banakula nabo. Ukiwa na mujukuu, umuambie unaitwa nani ungali na mudomo. Mi yangu nimemuambia, na sasa niko naiandika hapa chini: Kapya. Naitwa Kapya.

Nyinyi munaonaje? Muandike, hata kama ni ya kunigombeza.

Na kama kuko mutu hapa mwenye jamaa yake iliishi Kisenge ile wakati, ao Sandoa kwenye Ngoy aliolewa, anisaidie: Ngoy na Monga, ni nani alitangulia? Mi nakumbuka ni Ngoy. Kama nilikosea, ku ile ao ku jina yoyote nimeandika, munikosoe waziwazi, sitakasirika.

Yaya anangojea majibu yenu. Amesema haendi fashi yoyote mpaka asikie ya kama yeye njo alikuwa na haki.

Kwa hiyo mutu akijua, asiharakishe sana.